Msimamizi Kwanza: Mafunzo kwa Vitendo na Utayari wa Mhitimu kwa Kazi



Kila mwaka, mitihani ya muhula wa pili ikiisha, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania hushika barua ya utambulisho na kuanza kubisha hodi maofisini. Barua hazitofautiani sana: zinamtaja mwanafunzi, kozi yake na mwaka wake wa masomo, zinaomba apokewe kwa muda ambao kwa kozi nyingi ni wiki nane, na zinashukuru kabla ya kujibiwa. Wapo wanaopokewa siku hiyohiyo. Wapo wanaozungushwa njoo kesho, njoo Jumatatu, mpaka wiki ya pili inakatika, na wapo wanaoishia kwenye ofisi ya mjomba ambayo haihusiani hata chembe na wanachosoma. Baada ya hapo sote, chuo, mwajiri na mzazi, tunasema mtoto amekwenda fildi, na tunaamini kwamba fildi imemwandaa kwa kazi. Hoja yangu ni kwamba imani hiyo ni ya kweli kwa sharti moja, na sharti lenyewe ndilo tunalolipuuza. Mwanafunzi huandaliwa pale anapokabidhiwa kazi ambayo ikiharibika itaonekana, akaifanya chini ya macho ya mtu mwenye ujuzi, mwenye nafasi na mwenye wajibu wa kumsahihisha. Urefu wa muda na ukubwa wa jina la taasisi vinafuata nyuma kabisa. Mtu huyo ni msimamizi wa mahali pa kazi, na katika mpango wetu mzima wa mafunzo kwa vitendo, kwa kozi nyingi, ndiye asiyelipwa, asiyefundishwa na asiyehesabiwa.

Mwaka 2014 zilisambaa magazetini takwimu za utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki. Katika kila wahitimu 100, ilielezwa kwamba 63 wa Uganda, 61 wa Tanzania, 55 wa Burundi, 52 wa Rwanda na 51 wa Kenya hawakuwa na ujuzi unaotakiwa kazini. Tangu hapo, warsha ikifunguliwa kuhusu ajira ya vijana, namba hizo hazikosi kutajwa, na dawa inayotolewa ni ileile: ongezeni muda wa fildi. Mimi sizikatai namba hizo, ila nakataa kuzibebesha mzigo ambao haziwezi kuubeba. Zinatuambia malalamiko ni makubwa kiasi gani. Hazituambii pengo limetoka wapi, wala hazithibitishi kwamba mwezi mmoja zaidi wa kukaa ofisini ungeliziba. Na hapa mniwie radhi, waajiri: mhitimu mnayemlalamikia leo kuna uwezekano mkubwa alipita ofisini kwenu, au kwa jirani yenu, alipokuwa mwaka wa pili.

Tutafute basi ushahidi unaopima jambo lenyewe. Huko Marekani, mwaka 2013, wachumi wanne walituma wasifu wapatao 9,400 wa wahitimu wa kubuni kwa waajiri waliotangaza nafasi za kazi za kibiashara. Baadhi ya wasifu ulionyesha kwamba mwombaji alifanya mafunzo kazini alipokuwa chuoni, mwingine haukuonyesha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuwa kwamba wenye mafunzo hayo waliitwa kwenye usaili zaidi ya wenzao kwa takriban asilimia 14, ilhali somo walilodaiwa kulisomea halikuleta tofauti ya maana. Watetezi wa fildi huushangilia utafiti huu, na wana haki, lakini wanapita haraka mno kwenye jambo la ajabu lililomo: waombaji wale hawakuwepo duniani. Hawakujifunza chochote, hawakusahihishwa na yeyote. Ile asilimia 14 ililipwa kwa mstari mmoja wa maandishi. Ni mwajiri anayelipia tumaini kwamba nyuma ya mstari ule kuna ujuzi. Tumaini hilo likivunjwa mara nyingi, mstari hupoteza thamani, na wa kwanza kuumia ni yule mwanafunzi aliyejifunza kweli.

Karibu zaidi na kwetu kuna utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia vijana zaidi ya 1,700 kwa miaka kadhaa. Kundi moja lilipelekwa kwenye vyuo vya ufundi kwa miezi sita likapewa vyeti. Kundi jingine lilipelekwa moja kwa moja kwenye karakana na biashara ndogo, na wenye biashara wakalipwa ruzuku ili wawafundishe. Makundi yote mawili yalinufaika kuliko vijana ambao hawakupata mafunzo. Lakini kadiri muda ulivyokwenda, waliopita chuoni walitangulia, na sababu haikuwa kwamba fundi wa mtaani hajui kufundisha. Kijana wa karakana alipopoteza kibarua chake, tajiri wa pili hakuwa na njia ya kuuona ujuzi aliotoka nao kwa tajiri wa kwanza, ilhali mwenzake alikuwa na cheti mkononi. Vijana hao hawakuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na sitaki kuyanyoosha matokeo yafike yasikofika. Hata hivyo jambo waliloligundua watafiti linatuhusu: ujuzi wa kazini husafiri vibaya kama hakuna aliyeuthibitisha kwa maandishi. Afrika Kusini nako watafiti walijaribu kuambatanisha barua za waajiri wa zamani kwenye maombi ya kazi ya vijana, na maombi yenye barua yaliitikiwa zaidi kwa asilimia 60. Miongoni mwa wanawake waliohimizwa kuziomba barua hizo, kiwango cha kupata kazi kilikua maradufu.

Ukiziweka tafiti hizi pamoja unapata mahitaji mawili. Mwanafunzi anahitaji kusahihishwa akiwa ndani ya kazi, na anahitaji maandishi ya kuaminika yanayosema alisahihishwa wapi na akafika wapi. Yote mawili yanatoka kwa mtu mmoja. Mhadhiri anayefika mara moja au mbili, akasaini kitabu cha wageni na kuzungumza na mwanafunzi nusu saa kabla ya kukimbilia kituo kingine, hawezi kuyatoa. Hata akiwa na moyo wa kufundisha namna gani, hakuwepo kazi ilipokuwa inafanyika.

Tukitazame kitabu cha kumbukumbu cha fildi, maana huko ndiko mambo yanakojianika. Kila ukurasa una safu ya tarehe, safu ya kazi iliyofanyika na mahali pa sahihi. Chukueni mwanafunzi wa uhasibu. Jumatatu ameandika, "Nilipanga mafaili." Jumanne, "Niliendelea kupanga mafaili." Jumatano, "Nilisaidia kazi mbalimbali za ofisi." Wiki nane zinajazwa kwa mtindo huo, na sahihi zote pembeni zina wino wa aina moja na mwinamo mmoja, kwa kuwa zimetiwa zote siku ya mwisho, msimamizi akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Kitabu hicho kinasahihishwa chuoni na kinapata alama B.

Sasa mfikirieni mwanafunzi huyohuyo amepewa kazi moja tu, kusuluhisha daftari la fedha na taarifa ya benki ya mwezi uliopita. Darasani alishalifanya swali hilo mara nyingi, na swali la darasani ni la adabu: zipo hundi ambazo hazijafika benki, yapo makato ya benki ambayo hayajaandikwa, ipo amana iliyo njiani, ukizipanga sawasawa salio linalingana na alama kumi ni zako. Ofisini salio halilingani. Kuna malipo ya lipa namba yaliyoingia bila kujulikana ni ya mteja gani. Kuna risiti ya EFD yenye tarehe isiyoendana na tarehe ya fedha. Kuna hundi ambayo mtu pekee anayeijua habari yake yuko likizo, na simu yake haipokelewi. Mwanafunzi akihangaika nayo siku mbili, akaja na jibu, na mhasibu akaketi naye robo saa akamwonyesha kwamba tofauti aliyoilazimisha ndani ya mwezi huu imetoka mwezi wa nyuma yake, amepata vitu ambavyo hakuna mhadhara unaovitoa. Amejua kwamba namba isiyolingana ni habari, na kwamba kuipachika popote ili ilingane ni kosa linaloweza kumfikisha mtu kwa mkaguzi. Amejua ni nani wa kumuuliza na namna ya kumuuliza mkubwa bila kumchosha. Robo saa ile ndiyo fildi. Siku nyingine zote alikuwa mgeni wa ofisi.

Zipo fani ambazo hazikuliachia jambo hili bahati. Daktari akimaliza chuo hapewi usajili kamili. Anafanya kazi mwaka mzima kama daktari tarajali, akizunguka idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi, na katika kila idara yuko daktari mwenye jina na namba ya usajili anayewajibika kwa anachokifanya yule kijana. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo imekuwa na mpango wake tangu mwaka 2003, ambapo mhandisi mhitimu hulelewa kazini kwa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Mtu akitazama juujuu ataona kwamba siri ni urefu wa muda. Sivyo. Daktari huyo msimamizi hapaswi kumwacha daktari tarajali peke yake hata siku ya kwanza, na siku hiyo ya kwanza ina mafunzo kuliko mwezi mzima wa mafaili. Siri ni kwamba taaluma imemtaja kwa jina mtu ambaye lawama itamfikia.

Upande wa pili wa shilingi tumeuona Kenya. Tarehe 14 Machi 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma, na mgomo ukaenda siku 56. Kiini cha ugomvi kilikuwa malipo ya madaktari tarajali: makubaliano ya mwaka 2017 yaliwapa zaidi ya shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikasema uwezo wake ni 70,000. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo, mahakama ya kazi ilitamka kwamba Tume ya Huduma za Walimu haina mamlaka ya kuwaajiri kama watarajali walimu ambao tayari wamehitimu na kusajiliwa. Walimu hao walikuwa wakifundisha sekondari ya chini kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Suala la mishahara waachiwe wenyewe. Ninachokitoa humo ni kipimo: anayefundisha ratiba kamili peke yake, bila mwalimu mzoefu wa kumsikiliza na kumrekebisha, hayuko mafunzoni. Yuko kazini kwa bei ya chini. Msimamizi akiondolewa, fildi inaporomokea upande mmoja kati ya miwili: ama mwanafunzi hafanyi kitu, ama anafanya kila kitu. Ofisi zetu zinazijua hali zote mbili.

Najua kuna pingamizi, na zito kuliko yote ni hili: mnamwandaa kijana kwa kazi ipi, wakati kazi hakuna? Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Hao ni zaidi ya 84 kwa kila nafasi moja. Mbele ya foleni kama hiyo, kuzungumzia utayari kunaweza kuonekana kama kumlaumu mwenye njaa kwa kutojua kushika kijiko. Nakubali nusu ya pingamizi hili bila kusita. Fildi haizalishi ajira, na yeyote anayewaahidi wanafunzi kwamba wakienda fildi vizuri kazi itawafuata anawadanganya. Uchumi ndio unaoajiri. Lakini foleni ikiwa ndefu namna ile, mwajiri lazima achuje, na asipokuwa na maandishi anayoyaamini atachuja kwa anachokijua: ukoo, shule, simu ya mheshimiwa. Ushahidi wa msimamizi una thamani ndogo kwa mtoto wa mkurugenzi. Una thamani kubwa kwa binti aliyetoka Kibondo bila kumfahamu mtu yeyote mjini. Na wale wengi watakaokosa ajira wakaanza shughuli zao wenyewe, nani atawasahihisha huko? Wao ndio wanaohitaji zaidi kuwa wamewahi kukosea mahali ambapo kosa halikuwafilisi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wenzangu wa chuoni: chuo kikuu ni mahali pa kufikiri, si karakana ya kuwatengenezea matajiri vibarua. Mjadala huu ni wa zamani hapa nchini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamuru waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, miaka isiyopungua miwili, ndipo waombe chuo kikuu, na waje na mapendekezo ya mahali pa kazi na ya tawi la chama. Nia ilikuwa njema, kumtoa msomi kwenye mnara wake. Idadi ya wanafunzi wa kike iliposhuka ikabidi walegezewe, na katika miaka ya 1980 utaratibu ule ukaachwa. Kwa maoni yangu sehemu ya udhaifu wake ilikuwa kwamba mahali pa kazi paliombwa kuthibitisha tabia na mwenendo wa kijana, hapakupewa jukumu la kumfundisha kitu mahsusi. Lakini wenzangu wanaotaka chuo kijitenge na kazi wanakosea pia. Mwanafunzi aliyekutana na ile hundi isiyo na mwenyewe anarudi mwaka wa tatu na maswali ambayo kitabu hakikuyauliza. Nadharia inanufaika na maswali ya namna hiyo, mradi awepo mhadhiri aliye tayari kuyapokea darasani. Leo mwanafunzi akirudi anakabidhi ripoti yake yenye kurasa 30, nyingi zikiwa historia ya taasisi na muundo wake wa uongozi, na habari ya fildi inaishia hapo.

Waajiri nao wana lao: kufundisha ni gharama, na nikishamfundisha ataondoka. Ni kweli ataondoka. Ila mwajiri wa Tanzania mwenye wafanyakazi wa kutosha tayari analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ambayo kiwango chake kiliwahi kuwa asilimia 6 ya mishahara na kimekuwa kikishushwa, kikafika asilimia 3.5 mwaka 2023. Kwa miaka mingi theluthi moja ya fedha hizo imekuwa ikienda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na sehemu kubwa iliyobaki ikienda Hazina. Mhasibu anayeketi na mwanafunzi robo saa kila siku anafanya kazi ileile ambayo tozo ile inadaiwa kugharamia. Sioni sababu ya kumtoza mwajiri wake kiwango kilekile na yule anayewafungia wanafunzi geti. Punguzo dogo kwa mwajiri aliyesajili wasimamizi, likiambatana na ukaguzi wa kushtukiza, lingefanya kazi zaidi ya hotuba zetu zote za kuwahimiza waajiri wawe wazalendo. Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa fedha za fildi kwa wanufaika wake, nazo ni muhimu, kwa sababu bila nauli na chakula hakuna mafunzo. Lakini fedha hizo zinamfikisha mwanafunzi mlangoni tu.

Limebaki pingamizi ambalo mimi naliogopa zaidi, kwa kuwa linaigusa hoja yangu moja kwa moja. Ukimpa msimamizi uzito mkubwa namna hii, umeweka hatima ya mwanafunzi kwenye sahihi ya mtu mmoja, na wasichana wetu wanajua sahihi hiyo inaweza kuombewa malipo gani. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, lakini sheria haiketi ofisini saa kumi na moja jioni. Jibu langu ni kwamba nguvu hiyo msimamizi anayo tayari, sasa hivi, na anayo gizani. Hasajiliwi popote, chuo hakijui jina lake mpaka kitabu kirudi, na mwanafunzi hana fomu ya kumtathmini. Msimamizi aliyeandikishwa, anayefahamika chuoni, anayetoa maelezo ya kazi tatu au nne alizozisimamia badala ya alama tupu, na ambaye wanafunzi waliomtangulia wameacha maoni yao juu yake, ana nafasi finyu zaidi ya kudhulumu. Pale ambapo malalamiko mawili yamepokelewa, chuo kisipeleke mwanafunzi wa tatu.

Vyuo vyetu vinapitia upya mitaala yake kwa fedha nyingi. Mradi wa elimu ya juu wa HEET pekee, ulioanza mwaka 2021, ulipata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Serikali nayo ilitoa mwongozo wa kitaifa wa mafunzo kazini kwa wahitimu mwaka 2017. Hatuna upungufu wa nyaraka. Ninachowaomba wakuu wa vyuo ni kianzio kimoja kisichohitaji sera mpya: kila idara iandike orodha ya wasimamizi inaowajua, iwaite kwa siku mbili wafundishwe namna ya kumkabidhi mwanafunzi kazi na kuisahihisha, iwalipe posho yao, na iwatambue kwa barua kama washiriki wa ufundishaji. Kisha idara ihesabu. Ikiwa ina wanafunzi 400 na wasimamizi wa kuwatosha 150, iwapeleke 150 muhula huu na iwapange waliobaki kwa zamu, na iseme hadharani kwa nini. Tutalaumiwa kwamba tumepunguza idadi. Tuikubali lawama hiyo, maana kumtia mwanafunzi alama B kwa wiki nane za kupanga mafaili ni kuwadanganya watu watatu kwa mpigo: yeye, mzazi wake na mwajiri wake ajaye.